Gari Lililoegeshwa Kifuani

Stata ya gari la Nasiri ilikufa zamani, lakini mtaa wa Gitega ni mteremko mtupu, kwa hiyo hakuona haja ya kununua nyingine. Jioni aliegesha gari likitazama bondeni, akaweka jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi aliondoa jiwe, akaliacha liteleze mpaka kwa fundi viatu, na hapo akaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likawaka. Kisha akarudi nalo kinyumenyume hadi mlangoni pake na kuliacha lingurume lipate joto, huku mwenyewe akisimama nyuma ya buti anakunywa uji.

Uji ulikuwa wa Nyiransabimana, ambaye meko yake yalikuwa palepale kwenye ukuta wa Nasiri. Mtaa mzima ulimwita Mukecuru, bibi mzee, hata wale waliomzidi umri. Aliwauzia madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, uji wa mtama na chapati, lakini kikombe cha kwanza siku zote kilikuwa cha Nasiri. Alimpa kwa kuunyoosha mkono juu ya buti, akiukata moshi kama mtu anayefungua pazia.

"Nasiri mwanangu, siku moja uligeuze hili gari," alimwambia. "Na mimi linipe uso. Mgongo wake nimeshauzoea."

"Nitaligeuza, mama. Kesho."

Alisema kwa nia njema. Shida ni kwamba gari likitazama mlimani haliwezi kuteleza, na kuliegesha kule chini kwa fundi viatu kulimaanisha kupanda kwa miguu na mafurushi ya nguo. Nasiri alikodisha nguo za harusi. Makoti ya mabwana harusi, magauni, na mishanana, yale mavazi ya sherehe ambayo wanawake hufunga begani. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na mjukuu akaendelea na vitambaa. Jumamosi gari lilijaa nguo mpaka dereva hakuonekana, likaenda Kagugu, likaenda Masaka, popote palipokuwa na ndoa.

Na Nasiri alipenda watu. Ndani ya duka aliweka mabenchi na birika la chai ya tangawizi lisilopoa, na anayetaka kujua nani kamwacha nani, nani kahamia wapi na kwa nini usiku, alipita kwa Nasiri kwanza. Castory, Mtanzania muuza mchele, alishinda pale mpaka mkewe akawa akimtafuta anapiga simu ya Nasiri. Mukecuru naye, meko yakishapoa, alikaa kwenye benchi la karibu na mlango. Alikuwa mtu wa kwanza kuvaa nguo ya duka lile, siku lilipofunguliwa, akapita nayo mtaani ili watu waione. Nasiri hakuisahau siku hiyo, na alipenda kuisimulia.

Mvua za masika zilipokwisha, asubuhi moja Nasiri alikuwa anambana pini bwana harusi mmoja kwenye mkono wa koti, akasikia gari lake linawashwa. Akatoka mbio, pini mdomoni. Gari lilikuwa pale pale. Jiwe lilikuwa chini ya gurudumu. Nyuma ya buti, Mukecuru alikuwa ameinama, mkono kifuani, na kifuani mwake gari la Nasiri likashtuka, likakohoa, likawaka, likanguruma kidogo kama mfuniko wa sufuria, likazima.

"Samahani," alisema akijifuta macho. "Ni mimi."

Nasiri alitoa pini mdomoni. "Nilidhani wezi."

"Wezi waibe nini, mwanangu? Hili?"

Madereva wa moto wakacheka hadi wakamwaga uji. Nasiri akacheka pia, akarudi ndani kumalizia mkono wa koti.

Kufika mchana habari ilikuwa imefika sokoni na kurudi. Waliosikia kikohozi kile walikubaliana kwamba halikuwa gari jingine. Lilikuwa na kile kikwazo chake pale mwanzo, na kile kifilimbi chembamba cha mkanda uliolegea. Gisa, fundi wa magari, alikuja na mikono ya grisi, akamwomba radhi Mukecuru, akalaza sikio mgongoni mwake.

"Kohoa kidogo, mama."

Mukecuru akakohoa.

"Plagi ya tatu iko imekufa," alisema Gisa. "Na mkanda unateleza."

Wakafungua boneti. Plagi ya tatu ilikuwa imekufa. Gisa akaibadilisha, akakaza mkanda, na tangu siku hiyo gari likawa linakunywa petroli kidogo. Nasiri alifurahi sana. Jioni, kwenye chai, aliwasimulia wageni jinsi alivyopata fundi na kipimo kwa mpigo mmoja, na wakati anasimulia alimwona Uwera, mkewe, anamtazama kwa namna ile ya kumtazama mtoto aliyeharibu kitu cha watu. Akaimaliza hadithi kwa haraka.

Baada ya hapo Gisa alipita mara kwa mara kusikiliza. Ikawa gari la Nasiri linatengenezwa kila lilipoharibika kifuani mwa Mukecuru. Yeye mwenyewe alibaki na kikohozi.

Uwera ndiye aliyesema apelekwe kituo cha afya. Nasiri akampeleka, kwa gari. Nesi alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Akaweka chombo chake mgongoni mwa mgonjwa, akasikiliza juu, akasikiliza chini.

"Gari la zamani hili," alisema.

"La zamani, ndiyo," alisema Mukecuru.

"Linakuwashia moshi karibu?"

"Karibu kidogo."

"Mwenyewe unamjua? Ungemwambia asogee. Dawa nitakupa, lakini dawa haiwezi kushindana na gari linalokuja kila siku."

Nasiri alikuwa ameketi kando ya Mukecuru, ameshika mwavuli wake na pochi yake. Alifungua mdomo. Mukecuru akawahi.

"Simjui, mwanangu. Hapo barabarani wanapita wengi."

Nesi akaandika dawa ya maji. Njiani kurudi Nasiri aliendesha taratibu kuliko kawaida, akipisha kila mtu, hata mbuzi. Walipofika, aliegesha gari likitazama bondeni, akaweka jiwe. Alijiambia ni kwa leo tu, maana kesho ilikuwa Jumamosi na kulikuwa na harusi kubwa.

Wageni waliendelea kuja dukani. Ila sasa, kifua kikianza kuwaka pale kwenye benchi la mlangoni, watu walipandisha sauti kama wanavyofanya mvua ikipiga mabati, mpaka kikizima ndipo wakaishusha tena. Hakuna aliyemtazama Nasiri. Yeye ndiye aliyeanza kuwatazama, mmoja mmoja, kuona kama wanamtazama. Castory peke yake alithubutu utani.

"Mzee wangu, leo umeegesha ndani?"

Wote walicheka, na Mukecuru alicheka kuliko wote, na kicheko kikamwashia gari upya. Nasiri akainuka kwenda kuongeza tangawizi kwenye birika lililokuwa limejaa.

Mwaka huo ukaja mradi wa kubadilisha magari. Jiji lilikuwa limechoka na magari yaliyozeeka, na kampuni moja ikapita mitaani ikieleza. Gari kuukuu linalotoa moshi lingepelekwa kusagwa, mwenyewe apewe bei ya vyuma. Lakini gari kuukuu lililotunzwa, lililopita kipimo cha moshi, lingepokelewa kwa thamani yake na mwenyewe angeondoka na gari jipya la umeme, sehemu iliyobaki akilipa polepole. Afisa angefika nyumbani kulihakiki, aone linavyowaka asubuhi na kuwasikia majirani.

Nasiri aliliona gari la umeme kwenye maonyesho. Lilikuwa jeupe, kimya, na buti lake lingeweza kumeza harusi nzima. Hakulala vizuri siku hiyo. Alijua pia kwamba akibaki na gari linalokwenda kusagwa, hana gari, na bila gari duka lingebaki la wateja wa Gitega peke yao. Gari la umeme lingemaliza yote mawili, duka lingepona na moshi ungekwisha pale mlangoni. Lile la pili alilisema kwa Uwera kwa sauti kubwa zaidi kuliko la kwanza.

"Na lile litakwenda wapi?" aliuliza Uwera.

"Watalipokea. Limetunzwa."

"Limetunzwa," alisema Uwera, akaendelea kupiga pasi.

Kupita kipimo hakukuwa shida. Kwenye bomba la moshi la gari kuna kipande ambacho mafundi wanakiita masega, kwa sababu ndani kina vijitundu kama sega la nyuki, na kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Magari mengi ya mtaani masega yalishatolewa zamani, na mwenye gari wa leo hajui hata yalikwenda wapi. La Nasiri lilinunuliwa halina. Lakini Gisa alikuwa na masega mazima, seti moja tu, aliyoyafunga kwenye kitenge na kuyaweka chini ya kitanda. Kila gari lilipokaribia siku ya kipimo lilifungwa masega ya Gisa, likapita, kesho yake masega yakatolewa na kwenda kwa mwingine. Karibu magari yote ya mteremko ule yalikuwa yamepita kwa masega yaleyale. Nasiri hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Yeye mwenyewe aliishi kwa nguo za siku moja.

Gari lilivaa masega, likapita kipimo vizuri kiasi kwamba aliyepima alimpongeza. Sasa ikabaki siku ya afisa.

"Gari iko sawa," alisema Gisa akijifuta mikono. "Lakini kile kifua, mzee Nasiri, hakijavaa kitu."

Hilo Nasiri alikuwa amelifikiria siku kadhaa. Kifua cha Mukecuru hakikujua habari za masega. Kilikuwa na gari lile kama lilivyokuwa miaka yote, na kikiwaka mbele ya afisa, hakuna mtu ambaye angesema ni gari la jirani.

Alimwomba Uwera akaseme naye, wanawake kwa wanawake. "Mdomo huo mimi sina," alisema Uwera. "Nenda na wako."

Akaenda jioni, Mukecuru anazoa majivu. Akamwamkia, akauliza habari za wajukuu, akauliza habari za mtama ulivyopanda, akasifu mwiko mpya. Mukecuru alimwacha amalize mambo yote.

"Nasiri mwanangu. Unataka nisikohoe."

Nasiri alitazama majivu. "Siku moja tu, mama."

"Kama nguo zako."

"Kama nguo zangu."

"Ungeniambia nisije kabisa siku hiyo. Nikae kwangu."

Alikuwa amelifikiria hilo pia. Lakini afisa angewauliza majirani, na mtaa usio na Mukecuru ungeonekana haukukamilika. Mtu angesema, huyo mama wa uji yuko wapi leo, anaumwa nini. Nasiri hakuyasema hayo. Mukecuru aliyaona yakipita usoni mwake, akamalizia kuzoa majivu.

"Basi nivalishe vizuri," alisema. "Nikikaa kimya, angalau nipendeze."

Siku hiyo Nasiri alimvalisha mwenyewe. Akatoa mushanana wa kijani, ule wa mama wa bibi harusi, ambao haukukodishwa kwa mtu wa kawaida, akaufunga begani na kuubana kwa pini ya dhahabu. Mukecuru akaketi katikati ya benchi, kama mama wa nyumba. Duka lilijaa. Castory alikuja na shati la mikono mirefu, madereva wa moto walisimama mlangoni na kofia zao mkononi, Gisa alikuwa amenawa mpaka viwiko. Hakuna aliyewaita. Kila aliyewahi kukodi masega alikuwepo.

Afisa aliitwa Yvonne, msichana mwenye viatu safi na kifaa cha kupimia kilichoning'inia begani. Nasiri aliondoa jiwe, gari likateleza, likawaka, likarudi kinyumenyume. Yvonne akaingiza mrija kwenye bomba, akasoma kifaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni safi sana kwa umri wake, papa."

"Nalitunza," alisema Nasiri.

Wakaingia ndani kwa chai. Yvonne aliuliza majirani kama gari lile linawasumbua. Castory akasema haijawahi kutokea. Gisa akasema hata hajawahi kulishika, na mtu mmoja mlangoni akakohoa kikohozi cha kawaida, wote wakageuka kumtazama kwa hasira.

"Na wewe, mama?" aliuliza Yvonne. "Wewe ndiye unayekaa nyuma yake."

Mukecuru alitabasamu. Midomo ilikuwa imefungwa kabisa. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakudondoka, na shingo yake ilikuwa imenenepa kama ya mtu aliyebeba mzigo kichwani. Alitikisa kichwa polepole, hapana, halinisumbui. Ndani ya mushanana gari lilikuwa linanguruma kwa chini, chini sana, na pini ya dhahabu begani ilikuwa inatetemeka hata ikatoa mlio mdogo kama kijiko kwenye bilauri.

Yvonne aliinamisha kichwa. "Kuna gari jingine linawaka?"

"Ni jenereta," alisema Castory. "Ya jirani."

"Jenereta," walisema madereva wa moto.

"Hiyo jenereta, sha, inatuchosha," alisema Gisa.

Yvonne alitazama pini. Aliitazama muda wa mtu kumaliza chai yake, na Nasiri aliona kwamba amejua, na aliona pia kwamba amechoka, na ana nyumba nyingine za kwenda mchana huo. Akapita kidole kwenye simu yake, akathibitisha. Alipokuwa anatoka alishika mkono wa Mukecuru kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anavyomshika mfiwa.

"Ihangane, mama," alisema. Pole sana. Hakusema ya nini.

Viatu vyake vilipopotea kwenye kona, Mukecuru alifungua mdomo. Moshi ulitoka kwanza, mweusi na mzito, ukapanda mpaka darini, ukatandaa juu ya makoti ya mabwana harusi. Halafu gari likaja lote. Liliwaka pale kwenye benchi na kunguruma kama Jumamosi lilipobebeshwa nguo za harusi mbili, na halikuzima. Watu walikaa nalo kidogo, kwa heshima. Kisha Castory akakumbuka mchele wake, na madereva wa moto wakakumbuka abiria, na duka likawa tupu kuliko Nasiri alivyowahi kuliona.

Uwera alimlaza Mukecuru chumbani kwao, akamsugua mgongo. Mushanana wa kijani ulifuliwa lakini doa la masizi halikutoka mahali pa kifua. Uwera akagundua kwamba ukifungwa kwa kukunjwa upande wa kushoto, doa linafichika. Bado unakodishwa hivyo.

Gari la umeme likaja. Baada ya umuganda, ile kazi ya usafi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu waliketi kwenye mkutano, na mkuu wa mtaa akamwita Nasiri mbele kama mfano wa kuigwa. Watu wakapiga makofi. Kule nyuma, chini ya mwavuli, kifua kikawaka, na watu wakapiga makofi zaidi na zaidi, mpaka mkuu wa mtaa akadhani wanamtaka Nasiri aseme neno. Nasiri akapewa kipaza sauti. Alikuwa ameamua kusema. Aliyatafuta maneno yake ya kwanza na kuyapata, yalikuwa mepesi tu, yakianza na jina la Nyiransabimana.

"Tutunze mazingira," alisema, akarudisha kipaza sauti.

Masega yalirudi kwa Gisa siku ileile gari lilipochukuliwa, kwani kulikuwa na wengine wanayasubiri. Gari lenyewe kampuni ililiuza kwa muuza maziwa wa Masaka. Nasiri aliliona siku moja alipopeleka nguo za harusi huko. Lilikuwa limeegeshwa likitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Nyuma ya buti mwanamke kijana alikuwa anaosha madumu ya maziwa, mtoto mgongoni. Gari jipya lilipita kimya hata mwanamke hakuinua kichwa. Nasiri angeweza kusimama. Alikuwa na bibi harusi anamsubiri.

Gitega, gari jipya lililala palepale pa lile la zamani, likitazama bondeni, ingawa halikuhitaji mteremko wala jiwe. Mkono ulizoea. Mukecuru aliendelea kumpa Nasiri kikombe cha kwanza juu ya buti. Hakukuwa na moshi wa kukata, lakini mkono wake bado ulipita hewani vilevile, kama unafungua pazia. Kifua chake kiliwaka alfajiri na kuzima watu wakilala, na mtaa ulikizoea. Madereva wa moto walijua saa kwa kukisikiliza.

"Hili lako jipya halisemi," alimwambia Nasiri. "Bahati mimi niko. Watu wajue umeamka."

Alisema kwa utani. Nasiri alicheka, na uji ukamkwama.

Siku ambayo kifua hakikuzima hata usiku, Uwera alikuja kugonga bega la mumewe kabla ya adhana. "Amka. Mpeleke hospitali."

Wakamketisha Mukecuru mbele, mkanda juu ya shuka. Nasiri alibonyeza kitufe, gari jipya likaondoka bila sauti, na ndani yake, kwenye kiti cha abiria, gari la zamani lilikuwa linanguruma. Walipoanza kuupanda mlima, injini ya Mukecuru ikaelemewa. Ikaanza kugonga, kama gari lile lilivyofanya siku zote pale kwenye kona, likitaka gia ndogo. Mukecuru alishika mlango, macho yamefumbwa. Mguu wa kushoto wa Nasiri ukainuka wenyewe, ukaenda kutafuta klachi. Gari la umeme halina klachi. Mguu ukakanyaga zulia.

Kifuani mwa Mukecuru gia ikaingia. Kugonga kukaisha, sauti ikashuka, ikawa nyepesi.

"Hapo sawa," alisema Mukecuru.

Basi Nasiri akaendesha hivyo njia nzima, mkono kwenye usukani wa gari moja na mguu kwenye klachi ya jingine, akikanyaga zulia kwenye kila mlima na kuachia polepole kwenye kila mteremko. Alilijua lile gari. Alijua linapotaka kupumzishwa. Hakuwahi kuliendesha kwa upole kama asubuhi ile.

Getini mwa hospitali, kwenye foleni, Nasiri alizima. Mlinzi akagonga kioo.

"Mzee, zima gari. Hapa kuna wagonjwa."

"Nimezima."

Mlinzi aliinama, akasikiliza, akamwona Mukecuru. "Mwaramutse, mukecuru," alimwamkia, akavua kofia. Kisha akamgeukia Nasiri. "Basi ligeuze, mzee. Mgongo wake umetazama wodi."

Nasiri akashika usukani. Akarudi nyuma kidogo, akakata kona, akasogea mbele. Gari likatazama upande mwingine. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha uji.

Mukecuru alifumbua macho, akatazama dirishani, akaona wodi pale palipokuwa na ukuta.

"Umeligeuza," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akafumba tena macho. Foleni haikusogea. Nasiri alikaa mikono mapajani ndani ya gari lililozimwa, na pembeni yake lile jingine likaendelea kunguruma.